Hataza ya Hodi

Nchi ninayokusudia kuieleza haina jina katika hadithi hii. Jina inalo, tena zuri, lakini limesajiliwa na bwana mmoja aliyeko ng'ambo kwa matibabu, na kila anayetaka kuliandika sharti amwombe idhini. Nimemwandikia. Hajajibu. Wasomaji watakaodhani wameitambua nchi yenyewe nawaomba wasiitaje kwa sauti, kwa ajili ya usalama wao.

Ninachotaka kueleza ni jinsi posa ya binti mmoja ilivyokwama mlangoni. Lakini ili jambo hilo lieleweke, sina budi kuanza na ripoti.

Shirika moja la kimataifa lilizipanga nchi zote za dunia kwa wingi wa hataza, yaani zile haki ambazo serikali humpa mvumbuzi ili kwa miaka ishirini mtu mwingine asiutumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Nchi yetu ilishika mkia. Iliyotutangulia ilikuwa kisiwa kisicho na wakazi isipokuwa ndege na mlinzi wa mnara wa taa. Lakini mlinzi huyo, katika upweke wake, alikuwa amebuni kifaa cha kufungulia makopo.

Rais alihuzunika. Alimwita Waziri wa Ubunifu, Mheshimiwa Profesa Lukonge, akamwuliza imekuwaje taifa la watu werevu namna hii likashindwa na ndege. Profesa akajibu kwamba kosa si la wananchi bali ni la Msajili wa Hataza, Bwana Ngwinji, ambaye kwa muda wote wa utumishi wake alikuwa akikataa kila ombi lililofika mezani kwake.

Bwana Ngwinji aliitwa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, na muhuri wake ulikuwa mmoja tu, umeandikwa KITU HIKI KINAJULIKANA.

"Unawakatalia watu kwa nini?" Waziri alimwuliza.

"Mheshimiwa, juzi amekuja mtu anataka hataza ya kuchemsha maji."

"Na kuchemsha maji kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya, Mheshimiwa. Ila kila mtu anachemsha."

"Kila mtu?"

"Kila mtu, Mheshimiwa."

"Basi huo si ushahidi kwamba inafanya kazi?"

Bwana Ngwinji hakuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo. Alikiri hivyo, na kwa sababu ya uungwana wake wa kukiri aliachiwa kazi yake, akapewa na muhuri mpya.

Tangu siku hiyo kila ombi lilipimwa kwa maswali mawili. La kwanza: je, kitu hiki kinafanya kazi? La pili: je, kimo katika sajili ya hataza? Wataalamu walisifu utaratibu huo kwa wepesi wake. Kwa kuwa sajili ilikuwa tupu, kila kitu chini ya jua kilionekana kuwa kipya, na kwa kuwa ni kitu cha zamani, kilikuwa kimekwisha kufanyiwa majaribio ya kutosha. Bwana wa kuchemsha maji alipewa hataza yake. Bibi mmoja alipata ya kumbeba mtoto mgongoni kwa kitambaa. Mstaafu mmoja wa jeshi alipata ya kukaa kivulini, akaanza kuzunguka mjini saa za mchana kuwaamsha watu.

Hao walikuwa wavumbuzi wadogo. Mkubwa alikuwa bado hajaja.

*

Bwana Burhani Mtondoo alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kuagiza kengele za mlangoni, shehena nzima, zenye milio ya ndege wa nchi za baridi. Hazikununuliwa. Kila alikopita aliambiwa lile lile: kengele ya nini, na mdomo ninao? Bwana Burhani hakukata tamaa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulaumu bidhaa zake. Alichunguza soko, akagundua kwamba adui wa kengele ni hodi, na kwamba hodi haina mwenyewe.

Ombi lake lilikuwa na sentensi moja. Aliomba hataza ya njia ambayo mtu aliye nje humjulisha mtu aliye ndani kwamba yupo nje, kwa neno, sauti, kishindo au ishara yoyote, iwe imeshajulikana au itagunduliwa baadaye.

"Inafanya kazi?" Bwana Ngwinji aliuliza.

Bwana Burhani alitoka nje, akafunga mlango, akapiga hodi. Bwana Ngwinji akasema, "Karibu."

Jaribio hilo lilionekana la kuridhisha.

Katika sherehe ya kumkabidhi cheti, Profesa Lukonge alitoa hotuba ambayo shule zetu husoma hadi leo. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa karne nyingi babu zetu walisimama milangoni mwa watu wakapiga kelele bila mpango, bila idhini, bila hata risiti. Wakati huo umekwisha. Leo hodi ina baba. Na mtoto mwenye baba, ndugu zangu, hazururi ovyo." Makofi yalipigwa kwa uangalifu, maana haikujulikana bado kama makofi yanahesabiwa kuwa kishindo.

Mwenye kutaka kupiga hodi alipaswa sasa kununua kengele ya Bwana Burhani, ambayo ilikuja na ruhusa ndani ya boksi, au kupata kibali cha mdomo katika ofisi yake. Vijana wenye kofia za kijani waliajiriwa kukaa kwenye vibaraza na kusikiliza. Waliitwa wakaguzi. Mzee mmoja alitozwa faini kwa kukohoa mbele ya mlango wa mkwewe. Alijitetea kwamba ana pumu, akaambiwa pumu aipeleke kwenye mlango wake mwenyewe. Watu wakaanza kurusha vijiwe. Ikathibitishwa kwamba kijiwe ni kishindo. Wakaanza kusimama dirishani ili kivuli chao kiingie ndani. Ikathibitishwa kwamba kivuli ni ishara, na tena mstaafu wa jeshi akataka gawio lake.

Wanawake wa mtaa wa Makuti ndio waliodumu zaidi. Walisoma cheti chenyewe, wakaona hakitaji harufu, na kwa muda wa wiki chache mwanamke aliyetaka chumvi kwa jirani yake alikwenda na chetezo cha ubani, akasimama mlangoni akifukiza mpaka mwenye nyumba apige chafya. Marekebisho ya cheti yalipatikana upesi.

Wengine walichagua kuingia tu. Matokeo yake yalikuwa mengi na sitayaeleza yote. Mwalimu mkuu mmoja alikutwa sebuleni amevaa kanga ya mkewe akijifunza kucheza taarabu, akaomba uhamisho. Wizara ya Ubunifu iliyajumlisha matukio ya aina hiyo chini ya kichwa cha Kuongezeka kwa Mawasiliano ya Ana kwa Ana, na nchi ikapanda daraja katika ripoti iliyofuata. Polisi peke yao hawakuathirika, kwa kuwa katika kumbukumbu zao hapakuwa na ushahidi kwamba waliwahi kuitumia njia hiyo.

*

Sasa nifike kwenye posa.

Mzee Kiondo alikuwa mkuu wa stesheni ya reli mpaka alipostaafu, na ingawa treni zetu hazikuwahi kufika kwa wakati, yeye alikuwa akisimama jukwaani kwa wakati, kila siku, akiwa amefunga vifungo vyote. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa taratibu. Binti yake, Sikujua, alifundisha hisabati katika shule ya sekondari. Alipendana na Idrisa, fundi wa saa, na mapenzi yao hayakuwa na kasoro isipokuwa moja: Idrisa hakuwa amekuja kuposa.

Alikuja. Jumapili moja baada ya alasiri alifika na mshenga wake, ambaye alikuwa mjomba wake, Mzee Mbaruku, mwenye sauti iliyokwisha kuozesha nusu ya mji. Walifuatana na shangazi wawili na sinia la halua. Walikuwa wameomba kibali mapema. Ofisi ya Bwana Burhani haikuwajibu. Wakaja hivyo hivyo, wakasimama mbele ya mlango. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza, mkaguzi mwenye kofia ya kijani aliweka mguu mmoja juu ya mwingine akatega sikio.

Mzee Mbaruku alisimama kimya. Wale waliomjua walisema haijapata kutokea.

Ndani, Mzee Kiondo, aliyekuwa amevaa kanzu tangu adhuhuri, alimgeukia mkewe, Bi Mwantumu.

"Mama Sikujua, kuna watu nje?"

"Wapo. Nimewaona dirishani. Wamekuja na halua."

"Wamepiga hodi?"

"Hawajapiga."

"Basi hawapo."

"Baba Sikujua! Watu wanaungua na jua na wewe unawasikia wanavyohema!"

"Mwanamke, anayeingia kwangu bila hodi ni mwizi au ni serikali. Sitamwoza binti yangu kwa yeyote kati ya hao wawili."

Mzee Mbaruku, ambaye aliyasikia yote, aliwageukia shangazi akasema kwa sauti ya kutosha, "Mimi nasema na ninyi tu. Sisemi na mtu aliye ndani. Lakini kama mimi ningekuwa na binti, ningetoka nje hata kuangalia kama mvua inanyesha."

"Mzee," mkaguzi aliita, akifungua kalamu, "hayo ni mafumbo, na fumbo ni ishara."

"Kijana, mimi nimeozesha mama yako!"

"Nashukuru, mzee. Jina lako kamili?"

Halua ilipoanza kulegea, waliondoka nayo.

*

Kesho yake Sikujua alikwenda mwenyewe kwa Bwana Burhani kuomba kibali. Alikaribishwa kiti, akaangaliwa kwa muda mrefu kuliko ombi lake lilivyohitaji.

"Hodi ya kununua nazi ninayo," Bwana Burhani alisema. "Ya msiba ninayo, kwa bei ya huruma. Ya posa haiuzwi, Mwalimu. Nimeibakiza kwa matumizi yangu."

"Matumizi yako yapi?"

"Nilikuwa sijaamua. Sasa umeingia." Alitabasamu kama mtu anayesoma masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo. "Usidhani najisifu. Katika nchi hii mtu anayeweza kuposa kihalali ni mmoja tu. Mimi ningependa tuwe wengi, kwa ajili ya ushindani, lakini sheria ni sheria. Nitakuja kwenu Ijumaa baada ya swala."

Sikujua alirudi nyumbani akamweleza baba yake. Mzee Kiondo alivua kofia, akaivaa tena.

"Simpendi yule mtu," alisema.

"Basi mkatalie, baba."

"Kwa sababu ipi? Atapiga hodi, na aliyepiga hodi hukaribishwa. Akikaribishwa atasema haja yake. Nitamwambia nini? Kwamba kuna mwingine? Yuko wapi huyo mwingine? Hakuna aliyefika mlangoni kwangu kwa utaratibu."

"Na mimi?"

"Wewe, mwanangu, ungeweza kukataa," alisema Mzee Kiondo kwa unyonge, "ila mtu akiwa amekaa kwangu, amekula kwangu, nikamtoa mkono mtupu hali sina mwingine wa kumtajia, nitakuwa nimemvunjia heshima kwa dhuluma. Sijawahi kuizuia treni iliyofika kwa wakati."

"Hakuna treni iliyowahi kufika kwa wakati, baba."

"Ndiyo maana sijui kuzizuia."

Bi Mwantumu, aliyekuwa akichambua mchele, alisema bila kuinua kichwa kwamba ndoa nyingi zimevunjwa na wanaume wabaya, lakini hii ndiyo ya kwanza kuvunjwa na mlango.

Sikujua aliugeukia mlango wenyewe. Aliutazama kwa namna anavyotazama ubao kabla ya kuchukua chaki. Kisha alivaa viatu.

*

Ofisi ya Hataza ilikuwa imeng'olewa milango yake kwa sababu ya wingi wa wavumbuzi. Bwana Ngwinji alikuwa amenenepa kidogo na amechoka sana.

"Mwalimu, umevumbua nini?"

"Njia ambayo mtu aliye ndani humjibu mtu aliye nje. Kwa kumkaribisha, kwa kumkatalia, au kwa kumnyamazia."

Kalamu ya Bwana Ngwinji ilisita. "Kunyamaza nako?"

"Nako."

"Mwalimu, kunyamaza…" Alitazama huku na huku, kana kwamba anautafuta ule muhuri wake wa zamani. "Kunyamaza si kunajulikana?"

"Kunafanya kazi?"

Bwana Ngwinji alitafakari. "Mke wangu hunyamaza," alisema hatimaye. "Kunafanya kazi."

"Kumo katika sajili?"

Alipekua. Palikuwa na kuchemsha maji, kubeba watoto, kivuli, kupepea moto, kulala chali na kuomboleza. Kunyamaza hakukuwamo.

Aligonga muhuri, akaupuliza wino ukauke. Wakati anamkabidhi cheti alimwuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hivi unadhani yatatufikisha wapi haya?"

"Mpaka mlangoni, Bwana Msajili," Sikujua alijibu. "Huko mbele tutaangalia."

*

Ijumaa Bwana Burhani Mtondoo alifika na wakili wake, Bwana Shilinde, na kikundi cha matarumbeta. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Matarumbeta yalinyamazishwa. Bwana Burhani aliweka sawa joho lake, akasogea mlangoni, akapiga hodi, na sina budi kusema ukweli: ilikuwa hodi nzuri, nene, ya mtu anayetumia mali yake mwenyewe.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ndani, Mzee Kiondo alijikaza, akafungua kinywa.

"Baba, usijibu," Sikujua alisema. "Utashtakiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Alimpa cheti. Mzee Kiondo alikisoma kutoka juu hadi chini, pamoja na tarehe, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyokuwa akisoma kila kitu. Alipomaliza alikisogeza karibu na dirisha, ili wakili aliye nje naye akione. Bwana Shilinde alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Wamesemaje?" Bwana Burhani aliuliza.

"Hawawezi kusema, mheshimiwa. Kujibu hodi kuna hataza."

"Basi wamenyamaza. Kunyamaza si kukubali?"

"Kungekuwa kukubali kama kungekuwa kwao. Kunyamaza nako ni kwa binti. Mzee akiendelea kunyamaza atakuwa amekiuka haki yake."

"Na akisema?"

"Atakuwa amekiuka zaidi."

Mzee Kiondo alikuwa anatoka jasho. Katika maisha yake yote hakuwahi kuvunja sheria, na sasa alikuwa akiivunja kwa kusimama tu katika sebule yake. "Sasa nifanye nini?" alinong'ona. "Nisiseme, nisinyamaze? Mwanangu, mtu aliye ndani ya nyumba hana kitu cha tatu!"

"Hana," Sikujua alisema. "Kwa hiyo tusiwe ndani."

Akamshika mkono. Bi Mwantumu, ambaye kwa sababu fulani alikuwa tayari amevaa buibui, alitangulia. Walipita jikoni, wakapita uani, wakatokea kwa mlango wa nyuma kwenye kichochoro.

Kichochoroni mikeka ilikuwa imetandikwa. Mzee Mbaruku alikuwa amekaa katikati na shangazi wawili, na Idrisa, na sheikh wa mtaa aliyetokea kupita, na sinia la halua mpya.

Mzee Kiondo alisimama ghafla. "Hawa wamepiga hodi?"

"Baba Sikujua," Bi Mwantumu alisema, "hapa ni nje. Wewe uko nje, wao wako nje. Umeona wapi mtu akapiga hodi nje?"

Mzee Kiondo alitazama kulia, akatazama kushoto, akaangalia juu. Hapakuwa na paa. Alikumbuka kwamba jukwaa la stesheni nalo halikuwa na mlango, na kwamba miaka yote aliwapokea watu pale bila kumwona hata mmoja kuwa ni mwizi. Vifungo vya uso wake vilifunguka kimoja kimoja.

"Mnasemaje, wageni?" aliuliza, akaketi.

Sauti ya Mzee Mbaruku, iliyokuwa imefungwa tangu Jumapili ile, ilitoka kwa nguvu iliyowaondoa njiwa kwenye bati. Alieleza ukoo, tabia, kazi ya saa na uaminifu wake, na Mzee Kiondo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kwa utaratibu. Sikujua aliulizwa. Alisema ndiyo. Mzee Kiondo akasema harusi ipangwe baada ya mavuno.

"Ndugu yangu," Mzee Mbaruku alisema, akimsogelea, "tazama ukutani."

Juu ya ukuta wa uani kilitokeza kichwa chenye kofia ya kijani.

"Samahani, wazee," mkaguzi aliuliza kwa adabu, "mkutano wa namna hii, wa watu ambao wote wako nje, unaitwaje?"

Hakungoja jibu. Aliandika hivyo hivyo, akashuka, na nyayo zake zikasikika zikikimbia upande wa Ofisi ya Hataza.

"Ofisi ya Hataza imefungwa leo alasiri," Sikujua alisema. "Inafunguliwa Jumatatu."

Mzee Kiondo alimtazama sheikh. Sheikh alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu.

Ndoa ilifungwa pale pale, mbele ya majirani waliojaa kichochoro kizima na wengine juu ya mapaa. Idrisa alikuwa amekubali kwa sauti ya kusikika, na sheikh alikuwa ameinua mikono kwa dua, ndipo kutoka upande wa mbele wa nyumba ikaja tena ile sauti nene, sasa imekwaruza kidogo.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Watu wote kichochoroni, kwa malezi waliyopewa na mama zao, walifungua vinywa. Kisha wakakumbuka, wakaviziba kwa viganja, vijana kwa wazee, wakamgeukia bibi harusi. Yeye peke yake katika jamhuri nzima alikuwa na haki ya kujibu.

Sikujua aliweka sawa ushungi wake.

"Wenyewe hatupo!" akaitika.

Jibu hilo lilifika kule mbele. Bwana Burhani Mtondoo, ambaye lolote litakalosemwa juu yake hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa, aliomba kiti, akakaa mbele ya mlango, akangoja warudi. Hataza yake ilikuwa na miaka mingi mbele yake.